Mzee Hanadi

Nilipoachana na Mortimer Goth alikuwa baba wa makamo mwenye masharubu, ana mke aitwaye Bella na binti mdogo, Cassandra. Niliporudi kwake nilimkuta mzee wa mvi. Bella hakuwapo, alikuwa ametoweka. Cassandra alikuwa mwanamke mzima aliyechumbiwa, na nyumbani palikuwa na mtoto wa kiume nisiyemjua, Alexander. Nilishika kipanya nisibonyeze chochote, kama mtu aliyeshuka basi mtaani kwao baada ya miaka mingi, akamkuta aliyemfundisha kupanda mwembe sasa anatembelea mkongojo.

Hivyo ndivyo The Sims 2 inavyompokea aliyecheza gemu ya kwanza. Toleo la kwanza lilitoka Februari 2000, la pili Septemba 2004, lakini ndani ya mtaa wao, Pleasantview, imepita miaka 25 katikati ya matoleo hayo. Sisi wachezaji tuliongeza miaka michache tu. Wao walikwenda wakazeeka bila sisi.

Katika gemu ya kwanza hakuna aliyezeeka. Kichanga kililala kwenye kitanda chake siku 3, kisha kikageuka mtoto wa shule, na hapo kikakwama. Ungemcheza mtoto huyo mwaka mzima, kila asubuhi basi la njano linamfuata, wala hamalizi shule. Watu walikufa, ila kwa mkasa: moto wa jikoni, kuzama bwawani, njaa. Umri haukumuua mtu. Nilikuwa sekondari wakati huo, nami niliona ni neema kubwa, nyumba ambayo wazazi hawachoki.

Aliyeibuni gemu hiyo ni Mmarekani Will Wright, ambaye kabla yake alikuwa ametengeneza SimCity, gemu ya kujenga miji, mwaka 1989. Oktoba 1991 moto mkubwa ulishuka kwenye vilima vya Oakland na Berkeley, California, ukaua watu 25 na kuteketeza maelfu ya nyumba. Ya Wright ilikuwamo. Alipoanza kununua upya vitu vya nyumbani, kimoja baada ya kingine, alianza kujiuliza mtu anahitaji nini hasa ili nyumba iwe nyumba. Wazo la mwanzo lilikuwa la ujenzi: wewe ujenge, vijitu vidogo viingie vikaijaribu nyumba yako. Lakini kadiri kazi ilivyosonga, vile vijitu vikawa na mvuto kuliko kuta, na gemu ya majengo ikawa gemu ya maisha.

Toleo la pili nililipata mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Rafiki yangu aliniazima CD zake 4, nikakaa usiku nikizibadilisha moja baada ya moja katika kompyuta ya mtumba. Ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme, maji yamepungua kwenye mabwawa. Tulicheza kwa saa za kuibia, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi, harusi uliyoiandaa jioni nzima inakuwa kama haikufungwa. Nasema haya kwa sababu nadhani mgao ule ulinijengea tabia ninayotaka kuieleza. Umeme ukiwa wa kuhesabu, unataka kila dakika izae kitu.

Kilichoongezwa katika toleo la pili ni umri. Kichanga kinakaa siku 3, mtoto mdogo 4, mtoto wa shule 8, kijana 15, mtu mzima 29. Saa moja ya kwao ni dakika moja ya kwetu ukiwaacha waende mwendo wao wa kawaida, kwa hiyo siku yao nzima ni dakika 24. Nimewahi kupiga hesabu kwenye karatasi: tangu kuzaliwa hadi kuingia uzeeni ni siku 59, sawa na saa 23 na dakika 36. Ukikesha naye, unaweza kumpokea mtu mikononi mwa mama yake na kumfikisha kwenye mvi kabla saa ya ukutani haijamaliza mizunguko yake 2.

Uzee wenyewe haukuwekewa idadi moja. Urefu wake hutegemea mtu alikuwa ameridhika kiasi gani siku alipouingia. Kila mmoja ana shabaha yake: yupo anayetaka mali, yupo wa familia, yupo wa elimu, yupo wa mapenzi, yupo wa umaarufu. Aliyepata alichokitafuta huongezewa siku. Tena akifariki kwa umri akiwa ametosheka, yule mchukua roho mwenye joho jeusi humjia na kinywaji, na wachezaji wa hula humsindikiza kwa ngoma. Naona waliotengeneza gemu hii walifikiri sana juu ya kufa. Hawakukificha kifo wala kukifanya adhabu. Walisema tu kwamba namna ulivyoishi itaonekana mlangoni, wakati wa kutoka.

Lakini kabla ya mlango ule kuna uzee, na hapo ndipo gemu ilinikamata.

Kwenye kona ya kioo pana vishale vya mwendo. Kishale kimoja ni mwendo wa kawaida. Viwili ni haraka. Vitatu, na watu wanakimbia ndani ya nyumba kama sisimizi waliomwagiwa maji. Kila mchezaji huvitumia, kwa sababu hakuna wa kumtazama mtu aliyelala saa 8. Nilikuwa naharakisha usingizi na muda wa kazini. Kisha, bila kuamua, nikaanza kuharakisha wazee. Mzee akishastaafu haendi kazini. Pensheni yake inaingia, anakula, anakaa kwenye kiti, anamwagilia maua, anaangalia nje. Nami nilibonyeza vishale vitatu mpaka vijana warudi, mpaka litokee jambo. Mortimer niliyemkuta na mvi, niliyesikitika kwamba amezeeka mimi sipo, nilimpitisha siku zake zote za mwisho kwa mwendo wa sisimizi. Nilikuja kushtuka amesimama katikati ya sebule na yule wa joho jeusi yuko mbele yake.

Ili nieleze kwa nini nilifanya hivyo, lazima nieleze siri ya gemu yenyewe, maana ni siri inayotuhusu. Ukiwatazama watu wale wakijiendea kwa hiari yao, utadhani kila mmoja ana akili kichwani inayomwambia afanye nini. Sehemu kubwa ya akili hiyo imewekwa kwenye vitu. Kila kitu ndani ya nyumba kinanadi. Friji inatangaza kwamba hapa njaa inaisha. Kitanda kinatangaza nguvu, bafu usafi, televisheni burudani, kochi raha ya mwili. Mtu ana mahitaji 8, yanayoonekana kama mistari ya kijani inayopungua na kuwa myekundu. Mwenye njaa humsikia friji kuliko wengine, na kilicho karibu husikika zaidi kuliko cha mbali. Anapima sauti zote, kisha anakwenda kwa anayemwita kwa nguvu kuliko wenzake. Ni Kariakoo asubuhi, wamachinga wamesimama pande zote mbili za njia, na wewe unapita katikati.

Siku nilipoelewa jambo hilo niliacha kuwatazama watu wa gemu, nikajitazama mimi. Simu yangu inanadi. Kazi inanadi. Habari za ligi zinanadi, deni linanadi, na rafiki mwenye neno jipya ananadi. Anayesikika ndiye ninayemwendea. Na mzee? Mzee hanadi. Ameketi pale, hana tangazo wala zawadi inayopandisha mstari kwa haraka. Katika soko la sauti, aliyenyamaza hupitwa, hata awe amebeba dhahabu kwenye kikapu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Ngamiani, Tanga, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto. Mbele, chini ya upenu, palikuwa na baraza ya saruji iliyosuguliwa na makalio ya vizazi mpaka ikang'aa. Alasiri alitandika mkeka hapo akasuka ukili. Ukiukaribia mlango ulisikia kwanza miyaa ikichakarisha vidoleni mwake, kabla hajainua uso. Kila apitaye alimwamkia, naye alimjibu kwa jina, akauliza hali ya mgonjwa wao.

Nilikuwa nafika Tanga likizo, mara nyingine kwa shughuli zangu, napita kumwona. Nilisimama pale mbele ya baraza, begi begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za Dar?"

"Nzuri, bibi. Sikai."

"Hata chai?"

"Nitarudi, bibi. Kuna watu wananisubiri."

Hakuwahi kulalamika. Alisema, "Haya, nenda salama," akarudi kwenye ukili wake. Na ni kweli kulikuwa na watu wananisubiri, kila mara. Nimejaribu kuwakumbuka ni akina nani, nami siwezi kumtaja hata mmoja.

Miaka baadaye nilisoma kitabu ambacho Wright amekitaja kuwa kimojawapo cha vilivyomwongoza, A Pattern Language, kilichoandikwa na msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake, kikachapishwa mwaka 1977. Kina vigezo 253 vya namna ya kujenga pawe mahali pa binadamu, kuanzia miji na mikoa hadi dirisha na kiti. Nilikisoma kwa hamu ya mtu anayetafuta mizizi ya gemu aipendayo. Kigezo cha 40 kikanisimamisha. Kinahusu wazee: kwamba wasitengwe makao yao peke yao, wawepo kila mtaa, katikati ya watu wa rika zote, kwa sababu mji unaowatenga unawakatia vijana uzi wa walikotoka. Nikaendelea hadi cha 242. Hicho kinahusu benchi la nje, kando ya mlango wa mbele, mahali mtu anapoweza kukaa akatazama njia na wapitao.

Nilikiweka kitabu chini. Msanifu aliyefundisha California alikuwa ameandika, kwa namba na michoro, baraza ya bibi yangu. Watu wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wamejenga benchi hilo kwa karne nyingi bila kulipatia namba. Tunaita baraza jiwe la kukalia, na tunaita baraza mkutano wa watu wenye maamuzi, hadi Baraza la Mawaziri. Neno lenyewe linakumbuka kwamba mambo makubwa yalianza kwa watu kukaa nje ya mlango wa mtu. Na penye wazee haliharibiki neno. Sisi tulioimba methali hiyo shuleni ndio tunaopita mbele ya baraza tukisema hatukai.

Kuna jambo jingine ambalo toleo la pili lililiongeza: kumbukumbu. Kila mtu ana ukurasa wake, na kila tukio zito huingia humo kwa picha ndogo. Alizaliwa ndugu, alibusu kwa mara ya kwanza, alifiwa, alifeli, alipandishwa cheo. Ukimbonyeza mzee, unayaona maisha yake yamepangwa mstari kwa mstari. Nilipenda kufungua ukurasa wa Mortimer. Sekunde 5 tu, ningejua yote yaliyompata.

Lakini Mortimer hawezi kukusimulia lolote kati ya hayo. Lugha yao, Simlish, ni sauti zisizo na maana. Iliundwa kwa waigizaji kubuni matamshi papo hapo ndani ya studio, kwa sababu maneno ya lugha halisi yangerudiwarudiwa mpaka yamchoshe mchezaji. Uamuzi huo ni wa busara na umeifanya gemu ieleweke dunia nzima. Unasikia hasira, unasikia mahaba, kiputo chenye picha kinatokea juu ya kichwa, inatosha. Hadithi tu ndiyo haiwezekani. Mzee wa kule ana kumbukumbu zote, ila hana maneno.

Bibi yangu alikuwa na vyote viwili.

Alifariki mwaka 2011. Usiku wa pili wa msiba nilikaa barazani na wanaume wa mtaa, na jirani yake wa miaka mingi, mzee wa makamo ya bibi mwenyewe, akaanza kusimulia. Alisema bibi alivuka kutoka Pemba kwa jahazi akiwa na umri wa miaka 9, ameketi juu ya magunia ya karafuu, anatapika njia nzima, na walipoiona nchi kavu akaapa hatapanda tena chombo cha majini. Ndiyo maana hakurudi kumzika mama yake. Na ndiyo maana, alisema yule mzee, kila Idi alipika kitoweo cha samaki kwa namna ya Pemba, akawagawia watoto wasio wake.

Nilikula kitoweo kile kila Idi ya utoto wangu. Sikuwahi kujua nakula nini. Jahazi lile, magunia yale, mama aliyezikwa bila binti yake, vyote vilikaa barazani miaka yote ile umbali wa mkono kutoka nilipokuwa nasimama na begi begani. Havikuwa siri. Vilihitaji mtu akae, chai iishe, pawe kimya kidogo, halafu bibi aseme, "Mimi nilipokuwa mdogo." Ukurasa wa binadamu haufunguki kwa kubonyezwa.

Tarehe 31 Januari 2025, gemu ya kwanza ilipokaribia kutimiza miaka 25, kampuni inayoimiliki iliyarudisha sokoni matoleo yote mawili ya mwanzo, yakiwa yamerekebishwa kidogo ili yaende kwenye kompyuta za leo. Niliinunua ya pili usiku uleule. Muziki ulipoanza nilijisikia niko tena kwenye chumba cha mwaka 2006, nikisikiliza kama feni imezima. Nikaingia Pleasantview. Mortimer alikuwa pale, mzima, ameanza upya siku zake za uzee kama vile sikuwahi kumpitisha mbio.

Safari hii nilimwacha kwenye kishale kimoja. Nilimtazama siku nzima, dakika 24, bila kumwamrisha kitu. Aliamka, akatengeneza kifungua kinywa. Alexander alipotoka shule akamwendea babaye, wakazungumza kwa lugha yao isiyo na maana, mmoja akacheka. Aliketi. Alitazama nje. Hapakutokea jambo lolote, na nilipoangalia mstari wake wa kuhitaji watu, ulikuwa umejaa kijani hadi juu. Kilichoujaza ni kwamba mwanawe alisimama mbele yake akabaki pale.

Wapo wanaosema gemu za namna hii ni kupoteza muda, kwamba mtu anaacha kuishi ili awatazame vikaragosi wakiishi. Nawaelewa, maana nimepoteza muda mwingi. Hata hivyo watoto wa mwambao wamecheza baba na mama kwa vifuu na mchanga tangu zamani, na hakuna mzazi aliyewaambia wanapoteza muda; alijua wanajifunza nyumba. Mimi nilicheza nyumba nikiwa mkubwa, na somo lilichelewa miaka kumi na tisa, lakini lilifika. Toleo la kwanza lilinifurahisha kwa kuwaondoa wazee duniani. La pili liliwarudisha, likanipa na vishale vya kuwapita. Kuvibonyeza au kutovibonyeza kukawa juu yangu.

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa mambo ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Kukaa ni kuketi. Kukaa ni kubaki. Kukaa ni kuishi: unakaa wapi, tunauliza, tukimaanisha maisha yako yako wapi. Nilipomwambia bibi "sikai", nilidhani nazungumzia kiti.

Mama yangu amehamia nyumba ile ya Ngamiani tangu astaafu. Goti la kushoto linamsumbua, na alasiri hutoka barazani, pale pale. Hajui kusuka ukili. Anachambua mchele au hashiki kitu. Mwezi uliopita nilipanda basi la asubuhi, nikafika adhuhuri. Nilimwamkia, nikavua viatu, nikatua begi ndani chumbani, siyo mlangoni. Simu niliiacha ndani ya begi. Alinitazama kidogo, akauliza nitaondoka saa ngapi.

Nikamwambia, "Nakaa, mama."

Tulikaa. Muda mrefu hatukusema kitu. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, tukanywa. Jua lilipoanza kushuka upande wa reli, mama akasema, "Baba yako alikuja kuniposa nimekaa hapa," akaanza kunieleza, nami nilikuwa na miaka arobaini na sijawahi kulisikia jambo hilo.

Nawe msomaji, kama una mzee aliye hai, usimwulizie hali ukiwa umesimama. Vua viatu, tua mzigo, kaa.